Mtoto njiti: nyongeza ipi inunuliwe, ipi iachwe famasi

Ndugu wa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, akiingia famasi pale Mwanga au Ujiji mjini Kigoma, ama katikati ya mji wa Tabora, ombi lake mara nyingi ni moja: "Naomba dawa ya kumwongezea mtoto kinga." Rafuni kuna chupa ya maltivitamini, dawa ya maji ya madini chuma, vidonge vya zinki, pakiti za probiotiki (bakteria hai) na kopo la maziwa. Vyote vinaweza kuuzwa kwa jina hilohilo la kinga, lakini kazi zake hazifanani hata kidogo. Kimoja mtoto huyo anakihitaji kweli, kingine hana haja nacho, na kimoja kinaweza kumuua kwa kijiko kimoja cha chai.

Kabla ya kulipa, uliza swali hili: hiki kinaziba pengo, au kinadaiwa kuzuia ugonjwa? Madini chuma, vitamini D, protini, kalsiamu na fosforasi huziba pengo ambalo lipo na linapimika. Probiotiki, laktoferini (protini ya maziwa inayopambana na vijidudu) na vitamini A ya dozi kubwa zimejaribiwa kama kinga ya maradhi, na matokeo yake ni ya kusuasua. Kinachopunguza vifo na maambukizi ya njiti waziwazi hakiuzwi dukani: ni maziwa ya mama yake mwenyewe na kifua cha mama.

Pengo lenyewe lina ukubwa gani

Chuma, kalsiamu na fosforasi huingia mwilini mwa mtoto kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Aliyezaliwa wiki ya 30 amehama kabla ghala halijajazwa.

Chukua mtoto wa gramu 1,250. Akishafikia kiwango kamili cha maziwa, mililita 160 kwa kila kilo kwa siku, anapata mililita 200: yaani mililita 25 kila baada ya saa tatu, mara nane, usiku na mchana. Maziwa ya mama yaliyokomaa yana protini takribani gramu 1 katika kila mililita 100, kwa hiyo anapata gramu 1.6 kwa kilo. Anahitaji gramu 3.5 hadi 4. Kalsiamu anapata kama miligramu 40 hadi 50 kwa kilo, ilhali anahitaji 120 hadi 140. Maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya wakati huwa na protini nyingi zaidi wiki za kwanza, kisha hushuka, na hushuka wakati uleule mtoto anapoanza kutaka kukua.

Mtoto wa kilo 2.2 aliyezaliwa wiki ya 35 hana pengo la namna hiyo. Anyonye tu, apewe chuma na vitamini D. Wazazi wake wasiingizwe kwenye gharama za watoto wa kilo moja.

Maziwa matatu: ya mama yake, ya mama mwingine, ya kopo

Maziwa ya mama yake ndiyo kipimo ambacho mengine yote hupimwa nacho. Yana kingamwili na laktoferini asilia, na dang'a ya siku za kwanza ndiyo nzito kuliko yote kwa vitu hivyo. Mtoto asiyeweza kumeza anaweza kupakwa dang'a kidogo, mililita 0.1 hadi 0.2 kila shavu kwa ndani, kila saa tatu. Tafiti hazijaonyesha wazi kwamba kupaka huko peke yake kunazuia maambukizi, lakini hakuna gharama, na kunamfanya mama aanze kukamua mapema. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani.

Maziwa mengi "yaliyokauka" hukauka kwa sababu ukamuaji ulichelewa. Anza ndani ya saa sita tangu kujifungua, na mapema zaidi ikiwezekana. Kamua mara nane kwa saa 24, na angalau mara moja iwe usiku wa manane. Matone machache siku ya kwanza ni kawaida. Mama anayekamua mara tatu tu kwa siku, kwa kuwa anasubiri matiti yajae, atakosa maziwa wiki ya pili. Chakula chake kiwe kile kilichopo: dagaa wa Kigoma, maharage, mboga za majani zilizoungwa kwa mawese mekundu, ambayo yana vitamini A ya mimea kwa wingi. Mama akila vizuri, vitamini A katika maziwa yake hupanda. Chuma hakipandi hata akila nini, ndiyo maana mtoto hupewa chake.

Maziwa ya mama mwingine ni chaguo la pili, hasa kwa aliye chini ya wiki 32 au kilo 1.5, lakini kwa sharti la kupimwa na kuchemshwa kitaalamu: nyuzijoto 62.5 kwa dakika 30. Joto hilo huua virusi vya UKIMWI, na huharibu pia sehemu ya kinga iliyomo, ndiyo maana hayalingani na ya mama mzazi. Shangazi kujitolea kumnyonyesha njiti bila kupimwa, hata kwa upendo wa kweli, ni kumweka mtoto kwenye hatari ya VVU na homa ya ini. Kwa upande mwingine, mama mzazi anayeishi na VVU na anayetumia dawa zake vizuri asinyimwe kumkamulia mwanawe. Mtoto hupewa dawa ya kinga na kliniki inawafuatilia wote wawili.

Maziwa ya kopo huja ya tatu. Hapa kuna ukweli wa pande mbili ambao ni vizuri kuusema wote. Njiti wa maziwa ya kopo huongezeka uzito haraka kuliko aliyepewa maziwa ya mama mwingine yaliyochemshwa, ila hatari yake ya kuoza utumbo, ugonjwa ambao wauguzi huuita NEC, ni karibu mara mbili. Ugonjwa huo huanza kwa tumbo kuvimba na matapishi ya kijani, na mtoto anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Ikibidi kopo litumike, liwe lile la njiti, lenye nguvu ya takribani kilokalori 80 kwa mililita 100. Kopo namba 1 la kawaida lina kama 67 na limetengenezwa kwa mtoto aliyetimia. Unga wa kopo hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu hata likiwa jipya. Kwa hiyo maji yachemke hadi yatokote, yasikae zaidi ya dakika 30, yakorogwe na unga yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, ndipo yapozwe haraka kwa kuweka kikombe ndani ya maji baridi. Kilichobaki baada ya saa mbili kimwagwe. Kinachoharibika nyumbani ni hapa: maji yanachemshwa asubuhi, yanawekwa kwenye chupa ya chai, na kufikia mchana yamekuwa vuguvugu. Uvuguvugu huo hauui kitu, unavilea vijidudu. Tumia kikombe kidogo, si chupa yenye chuchu. Kikombe kinasuguliwa kikatakata, chuchu ina vichochoro.

Fotifaya, au maziwa mengi zaidi?

Unga wa kurutubisha maziwa ya mama, ambao hospitalini huitwa fotifaya, huongeza protini, kalsiamu, fosforasi na nguvu ndani ya maziwa yaliyokamuliwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, halisemi apewe kila njiti. Linasema unaweza kufikiriwa kwa aliye chini ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5. Faida iliyothibitika ni ukuaji: uzito, urefu na kichwa huongezeka kiasi. Kuzuia maradhi hakujathibitika.

Bidhaa nyingi ni pakiti moja kwa mililita 25, ingawa zipo za vipimo vingine, kwa hiyo karatasi ya bidhaa ndiyo isomwe. Mtoto wetu wa gramu 1,250 atatumia pakiti 8 kwa siku, 240 kwa mwezi. Piga hesabu ya bei ya pakiti moja mara 240 kabla ya kuanza, maana kuanza wiki moja na kuacha hakumsaidii. Na hapa ndipo kosa kubwa hutokea: familia ikiona pakiti zinaisha, hugawa moja kwa milo miwili kwa kukadiria kwa macho, au humimina nzima kwenye mililita 12 ili "apate nguvu". Maziwa mazito kupita kiasi huvuta maji kwenye utumbo, na tumbo huvimba. Changanya ya mlo huo tu, katika maziwa yaliyopashwa kwa kusimamisha kikombe ndani ya maji ya uvuguvugu, zungusha taratibu bila kutikisa, na umlishe mara moja. Huanzishwa wodini mtoto akishavumilia mililita 50 hadi 100 kwa kilo kwa siku. Tumbo likikaza, akitapika kijani au choo kikiwa na damu, mlo husimamishwa na daktari huitwa hapohapo.

Pasipo na fotifaya, kuna njia mbili zisizo na bei, na sisi tunaziona bora kuliko pakiti za kubahatisha. Ya kwanza ni kupandisha maziwa hadi mililita 180, hata 200 kwa kilo: kwa mtoto yuleyule ni mililita 28 hadi 31 kila mlo, mradi moyo na mapafu yake viko salama, jambo ambalo daktari ndiye wa kulisema. Ya pili ni maziwa ya mwisho. Mama mwenye maziwa mengi kuliko mahitaji hukamua dakika mbili tatu katika kikombe cha kwanza, hubadilisha kikombe, na mtoto hupewa kile cha pili kwanza. Maziwa ya mwisho yana mafuta mengi, kwa hiyo nguvu huongezeka. Protini haiongezeki, hivyo si mbadala kamili.

Unajuaje kama inatosha? Lengo ni ongezeko la karibu gramu 15 kwa kilo kwa siku, yaani kama gramu 19 kwa mtoto wa 1,250. Mizani ya kuning'inia yenye alama za gramu 100 haitaliona ongezeko la siku tano. Tafuta mizani ya watoto wachanga ya kusoma gramu 5 au 10, mtoto akiwa uchi, saa ileile, kabla ya mlo.

Madini chuma: ndiyo ya lazima, na ndiyo ya hatari

Kati ya vyote vya dukani, tukiambiwa tuchague kimoja kwa njiti anayekunywa maziwa ya mama, tutachagua chuma. Kiwango ni miligramu 2 hadi 4 kwa kilo kwa siku, kuanzia takribani wiki ya pili hadi miezi sita. Anayekunywa maziwa ya kopo yenye chuma, au fotifaya yenye chuma ndani, hasirundikiwe mara mbili. Aliyeongezewa damu mara kadhaa wodini ana chuma cha kutosha kwa muda. Tarehe ya kuanza ipangwe na daktari.

Mtego uko kwenye lebo. Chumvi ya chuma si chuma chenyewe. Matone yanayoandikwa ferasi salfeti miligramu 125 kwa mililita yana chuma halisi miligramu 25 tu kwa mililita. Kinachohesabiwa ni hicho halisi. Mtoto wa kilo 1.5 akipewa miligramu 3 kwa kilo, anahitaji 4.5. Gawa kwa 25: ni mililita 0.18. Hiyo haipimwi kwa kijiko wala kwa macho. Inahitaji sirinji ya mililita 1, bila sindano, yenye mistari midogo ya 0.01 au 0.02. Sasa tazama kinachotokea mtu akisikia "mpe kijiko kimoja". Kijiko cha chai ni mililita 5, sawa na miligramu 125 za chuma, zaidi ya 80 kwa kilo. Chuma kinachozidi miligramu 60 kwa kilo ni sumu ya kuua. Zipo dawa nyingine za maji zenye chuma kidogo zaidi kwa mililita, na hizo hubadilisha hesabu yote. Kwa hiyo chupa ikiisha na ukanunua ya kampuni nyingine, usiendelee na mstari uleule wa sirinji. Rudi kwa muuguzi mhesabu upya.

Choo kuwa cheusi si tatizo. Kutapika mara kwa mara kunapungua ukigawa dozi mara mbili na kumpa katikati ya mlo.

Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na wazazi wengine wamesikia kwamba chuma huchochea malaria. Hofu hiyo ina chanzo. Utafiti wa Pemba uliochapishwa 2006 ulisimamishwa kwa sababu watoto wa mwezi 1 hadi 35 waliopewa chuma na asidi ya foliki walilazwa na kufa zaidi. Lakini wale walikuwa watoto wa kila aina, wakiwemo wenye akiba ya chuma, na uchunguzi wa kundi dogo ndani ya utafiti huohuo ulionyesha kwamba waliokuwa na upungufu walinufaika. Njiti ana upungufu tangu kuzaliwa. Kwa hiyo jibu ni chuma pamoja na chandarua chenye dawa, na kipimo cha malaria siku hiyohiyo homa inapotokea. Kumnyima chuma hakumlindi.

Vitamini D peke yake, au maltivitamini?

Vitamini D inayotumika zaidi ni yuniti 400 kwa siku. Matone ya vitamini D tupu yanashinda kwa urahisi wa kupima, maltivitamini inashinda kwa kuwa ina vingine ndani yake. Uamuzi wetu: ukipata maltivitamini ya watoto wachanga yenye yuniti 400 katika dozi yake, inatosha, usiongeze na ya pili. Angalia tu kama dozi hiyo ni tone moja au mililita moja. Zipo chupa ambazo tone moja ndilo dozi nzima. Ukimpa mililita nzima umempa zaidi ya dozi ishirini.

Na jua je? Tabora jua lipo mwaka mzima, lakini njiti wa kilo 1.6 akivuliwa nguo nje anapoteza joto, na baridi ni adui yake mkubwa. Abaki kifuani. Pia ielewekwe kwamba mifupa laini ya njiti, inayoonekana kuanzia kama wiki ya 6, husababishwa zaidi na upungufu wa fosforasi na kalsiamu kuliko vitamini D. Kuongeza matone mara tatu hakutibu. Hiyo ni kazi ya daktari na vipimo vya damu.

Zinki na vitamini A

Zinki inaweza kusaidia njiti wa maziwa ya mama, kwa miligramu 1 hadi 3 kwa kilo, ingawa ushahidi wake ni dhaifu kuliko wa chuma. Kidonge cha kuyeyuka kinachouzwa kwa ajili ya kuhara ni miligramu 20, kwa hiyo si cha mtoto huyu. Ikiandikwa, ipewe saa tofauti na chuma, maana vinagombania mlango mmoja. Vitamini A ya matone ya kampeni ni ya kuanzia miezi sita. Majaribio makubwa ya Ghana, India na Tanzania yaliyochapishwa 2015 yaliwapa watoto dozi kubwa mara tu walipozaliwa, na vifo havikupungua.

Probiotiki na laktoferini: zinazotangazwa zaidi

Probiotiki ni bakteria hai. Ukizijumlisha tafiti nyingi, baadhi ya aina hupunguza NEC kwa njiti, na mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unaruhusu kuzifikiria kwa walio chini ya wiki 32 wanaopewa maziwa ya binadamu. Lakini aina si moja. Jaribio la Uingereza la 2016 lenye watoto 1,315 na aina moja ya bifidobakteria halikuonyesha faida. Jaribio la Odisha, India, la 2017, ambalo hutajwa sana kwa kupunguza maambukizi ya damu, lilihusu watoto wa wiki 35 na kuendelea wenye gramu 2,000 na zaidi. Halituambii lolote kuhusu mtoto wa kilo moja. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya hospitali baada ya njiti kufa kwa bakteria waliotoka kwenye probiotiki aliyopewa. Hivyo zinafaa pale tu wodi inapojua aina halisi, ina friji ya kuzitunza, na ina maabara ya kuotesha damu mtoto akipata homa. Pakiti ya famasi iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhara kwa watu wazima, mara nyingi yenye hamira hai, isimkaribie. Mtindi pia.

Laktoferini ya ng'ombe ilionekana yenye matumaini hadi jaribio la Uingereza la 2019, watoto 2,203: maambukizi hayakupungua. Fedha yake iende kwenye nauli ya mama kumfuata mtoto wodini.

Asali isipewe mtoto yeyote chini ya mwaka mmoja, hata ile safi ya Sikonge isiyochakachuliwa. Mbegu za bakteria wa botulizimu zinaweza kuwamo katika asali safi, na hulegeza misuli ya kupumua.

Kwa uzito na kwa mfuko

Chini ya kilo 1.5: maziwa ya mama kwanza, kisha chuma na vitamini D, kisha fotifaya ikiwa inapatikana mfululizo na wodi inaisimamia, iwe ni hospitali ya Maweni Kigoma, Kitete Tabora au kwingine. Kati ya 1.5 na 2.5: maziwa ya mama, chuma, vitamini D, basi. Wote: kangaruu, yaani mtoto kukaa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Utafiti wa 2021 wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, ulionyesha kwamba walioanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa walikufa 12 kati ya 100, dhidi ya karibu 16 kati ya 100 waliosubirishwa hadi hali itulie. Hakuna chupa rafuni yenye matokeo ya namna hiyo.

Kila hudhurio la kliniki, beba chupa zenyewe na sirinji, usibebe majina tu. Dozi hupanda na uzito: yule wa kilo 1.5 aliyekuwa akipata mililita 0.18 ya chuma, akifika kilo 3 anahitaji 0.36 ya chupa ileile, na wengi hubaki kwenye mstari wa siku ya kwanza hadi midomo inapauka.